Guta la injini ya pikipiki na difu ya gari: mwongozo kamili wa kuunda lisilofia mlimani

Maguta (pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo) ya kuundwa mtaani hufa kwa namna zinazofanana. Klachi inaungua mapema, shingo ya fremu inapasuka, spoku za mbele zinakatika, au guta linalala ubavu kwenye kona ambayo pikipiki ingeipita bila kupunguza mwendo. Mwenye guta anaona kinachokosekana ni nguvu, ananunua injini kubwa zaidi, na baada ya muda mambo ni yale yale.

Nguvu ipo. Ukioanisha pikipiki na gari, vipande vya gari vinapata kazi nyepesi kuliko vilivyozoea, na vya pikipiki vinabebeshwa mzigo ambao havikuundiwa. Difu (meno ya katikati ya ekseli yanayogawa mzunguko kwa magurudumu ya nyuma) iliyokuwa ikisukumwa na injini ya sisi (cc) 1,300 haitahisi hata kidogo injini ya sisi 200. Vinavyokufa ni klachi, shafti ya sproketi, foku (mikono inayoshika gurudumu la mbele), shingo na rimu ya spoku. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu jinsi ya kukilinda kipande fulani cha pikipiki.

Mwongozo huu ni wa guta la magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, la kubeba hadi kilo 400 na kwenda hadi kilomita 45 kwa saa. Ukitaka kubeba tani moja, nunua kirikuu (pikapu ndogo).

Kabla ya kununua chuma, uliza masharti ya ukaguzi na usajili wa chombo cha kuundwa nyumbani. Tanzania anzia TRA (mamlaka ya mapato) na polisi wa usalama barabarani, Kenya nenda NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Guta lisilosajilika litaishia kuzunguka ndani ya shamba lako.

## Vifaa vinavyohitajika

Injini na mwendo
- Injini ya sisi 200 ya kupozwa kwa maji, ya aina inayofungwa kwenye maguta ya Kichina (familia ya CG), yenye stata ya umeme, pamoja na rejeta na feni yake
- Gia boksi ya rivasi ya guta na raba kapling yake (kiungo cha raba cha kuiunganisha na injini)
- Propela shafti fupi (inayopeleka mzunguko hadi kwenye difu) yenye krosi mbili, yaani viungo vya kukunjika, na kipande cha kuteleza
- Ekseli nzima ya nyuma ya gari dogo, yenye difu, ngoma za breki, waya za hendibreki na springi za majani

Mbele
- Foku nzito ya guta, ile yenye springi za nje, pamoja na shingo na beringi zake
- Rimu ya chuma isiyo na spoku, inchi 12, na tairi la mizigo

Breki
- Masta silinda ya gari lenye breki za ngoma, ya milimita 19
- Pedali, paipu za chuma, hozi mbili za raba, mafuta ya DOT 3 au DOT 4

Fremu
- Paipu ya mstatili 60 × 40, unene milimita 3, kama mita 12
- Bati la milimita 5 kwa viraka na pembetatu za kuimarishia
- Welding rodi za 6013 za milimita 2.5, na 7018 za milimita 3.2 kwa shingo na mikono ya springi
- Bolti za M10 na M12 za daraja 8.8, na nati za kujifunga

Vipimo
- Futi kamba, pima maji, uzi, chaki, na mizani ya gunia yenye jukwaa. Mizani ndiyo watu huiruka, na bila hiyo hatua ya 9 haiwezekani.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya gia

Fanya hivi kabla ya kulipia difu. Guta likikosea uwiano, hakuna fundi wa klachi atakayeliokoa.

Kwanza tafuta uwiano wa difu. Inua gurudumu moja tu la nyuma na uache jingine chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye flanji ya difu, yaani sahani inayofungwa propela. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara 20 kamili, ukihesabu flanji. Kwa kuwa gurudumu jingine limesimama, mizunguko 20 ya hili ni sawa na 10 ya difu, kwa hiyo flanji ikizunguka mara 41, uwiano ni 4.1.

Kisha pima tairi. Weka chaki chini na kwenye tairi lililobeba uzito, sukuma hadi lizunguke mara moja, pima. Tairi la 155/80 R13 hutoa kama mita 1.77.

Injini za CG mara nyingi zina uwiano wa ndani (kati ya krenki na klachi) wa 4.055, gia ya kwanza 2.769 na ya tano 0.96. Yako ihakikishe kwa kuhesabu meno. Sasa:

- Gia ya kwanza: 4.055 × 2.769 × 4.1 = 46
- Gia ya tano: 4.055 × 0.96 × 4.1 = 16
- Mwendo wa juu, injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika: 7,000 ÷ 16 × 1.77 × 60 ÷ 1,000 = kama kilomita 46 kwa saa

Nguvu ya kusukuma kwenye gia ya kwanza, ukichukua injini yenye nguvu ya kuzungusha (toki) ya Nm 14 na kutoa asilimia 15 inayopotea njiani: 14 × 46 × 0.85 ÷ 0.282 = nyutoni 1,940 hivi. Hiyo 0.282 ni nusu kipenyo cha tairi kwa mita.

Guta lenye dereva na mzigo, jumla kilo 800, kwenye mlima wa asilimia 15, linadai nyutoni 1,177 za kupanda na kama 157 za msuguano wa matairi. Jumla ni 1,334. Una akiba ya 600, na akiba hiyo ndiyo inayokuwezesha kuondoka katikati ya mlima bila kuinyonga klachi.

Linganisha na guta la cheni lenye sproketi za pikipiki, 14 mbele na 42 nyuma. Gia ya kwanza inakuwa 33.7 na nguvu inashuka hadi 1,420 hivi. Akiba ni chini ya nyutoni 100. Dereva anaishikilia klachi nusu ili guta liondoke, sahani zinachemka, na huo ndio mwanzo wa kulaumu klachi za bandia. Kwenye karatasi guta hilo linafika kilomita 63 kwa saa, mwendo ambao halitauona kamwe likiwa na mzigo.

Difu ya kati ya 3.7 na 4.5 inafaa. Kwa Lushoto, Mbeya au Kisii chukua hata ya 5.1, ukubali kwenda polepole.

Umefanikiwa ukiona: nguvu ya gia ya kwanza inazidi mahitaji ya mlima wako mkali zaidi kwa nyutoni 400 au zaidi.

## Hatua ya 2: Fremu

Kata boriti mbili ndefu za 60 × 40, zisimame kwa upande wa 60. Umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi ekseli uwe mita 2.1. Ukipunguza, mbele inakuwa nyepesi mlimani. Ukirefusha sana, guta halitageuka sokoni.

Kama paipu ina zinki, isage kwa grinda sentimita 3 kila upande wa kiungo. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka, na weldi yenyewe inajaa vitundu.

Piga nukta kwanza kila mahali, kisha pima pembe kwa pembe. Milalo miwili isitofautiane zaidi ya milimita 3. Ndipo uchomelee vipande vifupi kwa kurukaruka, kulia halafu kushoto, mbele halafu nyuma. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya mwingine, fremu inajikunja na ekseli haitakaa sawa tena.

Usipitishe weldi kukatiza tumbo la boriti, yaani upande wa chini kwa mlalo. Hapo ndipo chuma kinavutwa zaidi, na ufa huanzia kwenye ukingo wa weldi. Viraka vya kuimarisha vikate kwa umbo la almasi, ncha zikifuata urefu wa boriti.

Shingo inastahili muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Tumia 7018 iliyokaushwa, weka pembetatu za bati la milimita 5 pande zote mbili, na boriti za kutoka shingoni zigawanyike juu na chini ili ziishike kama mkono unavyoshika mpini wa jembe. Kwenye pikipiki shingo hubeba msukumo wa mbele na nyuma tu, kwa sababu chombo kinalala kwenye kona. Guta halilali. Kila kona shingo inasokotwa kwa ubavu.

Betri, CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) na tenki la mafuta vyote viwe mbali wakati wa kuchomelea. CDI iliyopigwa na mkondo wa mashine haionyeshi alama yoyote kwa nje, na utaitafuta hitilafu siku nzima.

## Hatua ya 3: Ekseli na springi

Usikate ekseli ili guta liwe jembamba. Shafti za ndani zimepitishwa motoni kiwandani, na zikikatwa na kuunganishwa hukatika pale pale au karibu yake. Likikatika shafti, kwenye ekseli nyingi gurudumu linatoka pamoja na ngoma ya breki. Zaidi ya hayo, upana wa mita 1.3 ndio unaokuzuia usipinduke.

Tumia springi zilizokuja na ekseli. Pakia kilo 400 za mchanga, springi ishuke milimita 60 hadi 80. Ikishuka zaidi, ongeza jani. Ikishuka chini ya milimita 40, punguza, kwa sababu springi ngumu inapeleka kila shimo kwenye fremu. Weka raba za kugongea juu ya ekseli.

Hakikisha ekseli iko mraba na guta: pima kutoka katikati ya shingo hadi kila mwisho wa ekseli. Tofauti ya milimita 5 inatosha kulifanya guta liende kaa kaa na kula tairi.

## Hatua ya 4: Kuigeuza injini

Shafti ya sproketi ya pikipiki imelala kwa upana wa chombo. Difu ya gari inataka kuzungushwa na shafti inayotoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo injini inageuzwa robo duara, upande wa sproketi utazame nyuma.

Kama sproketi iko kushoto, kama ilivyo kwenye CG, mambo yanakwenda sawa yenyewe. Ukisimama nyuma ya guta, shafti itazunguka kinyume cha mshale wa saa, na hivyo ndivyo propela ya gari la kawaida inavyozunguka. Kama injini yako ina sproketi kulia, ukiigeuza utapata gia tano za rivasi. Wapo wanaotibu hilo kwa kuipindua difu juu chini, lakini mafuta hayafiki tena kwenye beringi ya mbele ya difu kama inavyotakiwa, na tundu la kupumulia linaanza kumwaga. Tafuta injini nyingine.

Baada ya kugeuza, haya yanabadilika na lazima uyapange kabla ya kuchomelea vishikio:

- Eksozi inatazama kushoto na kabureta kulia. Eksozi ikae mbali na mguu wa dereva na paipu za breki.
- Kiki inatazama mbele na haifikiki vizuri. Ndiyo maana stata ya umeme iko kwenye orodha.
- Lever ya gia iko nyuma ya injini. Inahitaji fimbo yenye vichwa vya mpira pande zote mbili. Fimbo yenye ulegevu wa milimita chache itakunyima gia ya pili kila mara.
- Kwa injini ya kupozwa kwa hewa, mapezi hayapati upepo tena. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusisitiza injini ya maji.

Injini na gia boksi ya rivasi vifungwe kwenye kifremu kimoja kidogo, kisha kifremu hicho ndicho kifungwe kwenye guta. Fremu kubwa itanyumbuka barabarani, utake usitake. Vikifungwa kila kimoja kivyake vitavutana, na kitakachoumia ni beringi ya shafti ya injini.

## Hatua ya 5: Rivasi na propela

Mpangilio ni huu: injini, raba kapling, gia boksi ya rivasi, propela, difu. Usiunganishe propela moja kwa moja na shafti ya injini, hata kama umepata mchongaji hodari. Beringi ya shafti hiyo imeundwa kuvutwa na cheni. Kusukumwa na kuvutwa kwa urefu hakumo kwenye kazi yake, na propela inafanya hivyo kila ekseli inapopanda na kushuka. Gia boksi ya rivasi ndiyo inayopokea msukumo huo, na raba inapunguza mapigo ya injini ya silinda moja.

Panga injini na gia boksi kwa uzi na pima maji hadi tofauti ya vituo isizidi nusu milimita. Kaza, zungusha kwa mkono ukiwa huna gia. Ikizunguka nyepesi halafu nzito, haijakaa sawa.

Upande wa propela kuna mambo matatu. Flanji ya gia boksi na flanji ya difu ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1. Krosi zikunjwe kati ya digrii 2 na 5. Masikio ya krosi mbili yawe kwenye mstari mmoja. Pima ukiwa umepakia kilo 200, kwa sababu springi tupu inadanganya. Programu ya pima maji ya simu inatosha kabisa kwa kazi hii.

Wengi hukimbilia kubalansi propela wakisikia mtetemo. Kwa hesabu za hatua ya 1, propela hii haizidi mizunguko 1,800 kwa dakika. Mtetemo hapa karibu kila mara ni pembe za krosi au masikio yaliyopishana. Kipande cha kuteleza kiwe na nafasi ya angalau milimita 25 ekseli ikiwa juu kabisa, kisije kikagonga gia boksi.

Umefanikiwa ukiona: magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, gia ya tatu, kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa kilichowekwa juu ya gia boksi hakidondoki. Zuia gurudumu la mbele na uegemeze fremu kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake.

## Hatua ya 6: Mbele

Foku ya pikipiki ya sisi 125 au 150 haifai, iwe mpya namna gani. Mirija yake ni myembamba na kwenye kona inapinda kwa ubavu. Rimu ya spoku nayo ni hivyo hivyo: kwenye pikipiki nguvu hupita kwenye mstari wa gurudumu, kwenye guta inatoka pembeni, spoku zinalegea upande mmoja na kukatika upande wa pili.

Kinachofuata huwa hakizingatiwi kabisa. Refusha mstari wa shingo hadi chini, uone unagusa sakafu wapi. Kisha shusha timazi kutoka kitovu cha gurudumu. Umbali kati ya alama hizo mbili kwenye pikipiki ni karibu milimita 90 au 100, na humsaidia mwendeshaji kunyooka. Kwenye guta umbali huo unaufanya usukani uwe mzito, kiasi kwamba mikono inachoka kwa safari fupi. Lenga milimita 50 hadi 60, kwa kusimamisha shingo zaidi au kusogeza ekseli ya mbele mbele ya foku. Ukienda chini ya 30 usukani unaanza kutikisika wenyewe kwenye kilomita 25 hivi kwa saa.

Weka vizuizi vya chuma ili usukani usipinde zaidi ya digrii 40 kila upande. Gurudumu likikatwa kabisa katika mwendo, guta linajikwaa na kulala.

## Hatua ya 7: Breki

Breki ya mbele peke yake haiwezi kusimamisha kilo 800 ambazo asilimia 80 ziko nyuma. Kazi kubwa ni ya ngoma za ekseli, na zinahitaji kusukumwa na mafuta ya breki.

Kosa la kawaida ni kutumia masta silinda ya breki ya diski ya pikipiki. Ujazo wake ni mdogo mno kwa wili silinda mbili za gari. Pedali inafika chini kabla breki shuu hazijagusa ngoma, na fundi anatoa upepo mara kumi bila mafanikio. Weka ya milimita 19, na pedali yenye uwiano wa 5 kwa 1: kutoka egemeo hadi unapokanyaga milimita 250, kutoka egemeo hadi fimbo ya masta milimita 50.

Rekebisha breki shuu hadi ziguse kidogo, kisha toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Paipu za chuma zifungwe kila sentimita 30. Hozi za raba ziachiwe ulegevu wa kutosha ekseli ikining'inia.

Hendibreki si pambo. Waya zake tayari zipo kwenye ekseli, tengeneza lever tu. Guta lenye gia ya kwanza halishikiki mlimani kama gari, kwa sababu injini ya sisi 200 inasukumika.

Umefanikiwa ukiona: pedali inasimama ikiwa na nusu ya safari, na ukiikanyaga kwa nguvu dakika nzima haizami.

## Hatua ya 8: Upozaji, oili na umeme

Rejeta ikae mahali inapopata upepo wa mbele, juu kuliko injini ikiwezekana, na mfuniko wake uwe ndiyo sehemu ya juu kabisa ya mfumo. La sivyo hewa inabaki kwenye silinda hedi na gauge itaonyesha baridi wakati chuma kinaungua. Joto la kazi ni kati ya digrii 80 na 95.

Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Oili nyingi nyepesi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaanza kuteleza bila kosa lake. Injini hizi hubeba kama lita moja tu, kwa hiyo badilisha kila kilomita 1,000 ukiwa unabeba mizigo.

Umeme ni wa kawaida. Taa mbili nyuma, indiketa nne, viakisi pande zote, na fyuzi karibu na betri.

## Hatua ya 9: Pima uzito

Weka mizani chini ya gurudumu la mbele, inua nyuma kwa mbao hadi guta lilale sawa. Andika uzito wa mbele likiwa tupu na dereva, kisha likiwa na mzigo kamili. Rudia kwa kila gurudumu la nyuma.

Mbele pabebe angalau asilimia 20 ya jumla likiwa na mzigo, na isizidi 35 likiwa tupu. Chini ya 20, usukani unakuwa mwepesi na mlimani gurudumu linanyanyuka. Zaidi ya 35, uzito umesogea pale ambapo guta ni jembamba.

Ukubwa wa kitanda ndio unaoamua. Katikati ya mzigo pawe sentimita 20 mbele ya ekseli. Kitanda kinachoning'inia nyuma kinamwalika mpakiaji aweke magunia mkiani, na atayaweka.

Sasa hesabu ya kupinduka. Zidisha nusu ya upana wa matairi kwa sehemu ya uzito iliyo nyuma, gawanya kwa kimo cha katikati ya uzito. Upana mita 1.3, nyuma asilimia 79, kimo mita 0.8: 0.65 × 0.79 ÷ 0.8 = 0.64. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 10, gurudumu la ndani litanyanyuka karibu na kilomita 28 kwa saa. Panga magunia ya mkaa hadi kimo kiwe mita 1.2, namba inashuka hadi 0.43 na mwendo hadi 23. Hapo bado hujashika breki wala barabara haijainama. Mwendo salama ni theluthi mbili ya namba hizo, na paka rangi ya mstari ndani ya kitanda usiopitwa na mzigo.

## Hatua ya 10: Majaribio, kwa mpangilio huu

Tafuta uwanja mpana. Kofia ya kinga ni lazima.

1. Breki kwanza, tupu. Kilomita 10, 20, kisha 30 kwa saa. Guta lisivute upande.
2. Breki na mzigo wa mchanga. Kutoka kilomita 30 kwa saa lisimame ndani ya mita 10. Likizidi, rudi hatua ya 7.
3. Namba nane. Anza kilomita 10 kwa saa, usizidi 15. Bodaboda mzoefu ndiye wa kuangaliwa zaidi hapa. Mkono wake umezoea kusukuma mpini wa kushoto ili pikipiki ilale kushoto. Kwenye guta msukumo huo huo unalipeleka kulia. Mwache azoee uwanjani kwa saa kadhaa, asiende barabarani siku hiyo.
4. Mlima na mzigo kamili. Simama katikati, vuta hendibreki, ondoka gia ya kwanza. Klachi iachie kabisa ndani ya sekunde 2 au 3 na pasiwe na harufu. Ukilazimika kuishikilia zaidi, uwiano wa hatua ya 1 una kasoro.
5. Rivasi. Gia ya kwanza tu.

Baada ya kilomita 50 kaza upya yu-bolti za springi, nati za magurudumu (Nm 100 kwa M12) na bolti za kifremu cha injini. Yu-bolti zitakuwa zimelegea.

## Likianza kusumbua

Klachi inateleza na sahani ni mpya. Angalia oili, kisha ulegevu wa waya wa klachi. Vikiwa sawa, pima uzito halisi unaobebwa. Mara nyingi kilo 400 zimegeuka 650 bila mtu kusema.

Mlio wa kugonga unapoachia mafuta. Raba kapling imekwisha au krosi zimelegea. Ukiendelea nayo hivyo, meno ya shafti ya injini yataliwa, na kuibadilisha ni kupasua injini nzima.

Usukani unatikisika. Beringi za shingo kwanza, upepo wa tairi pili, kipimo cha milimita 50 hadi 60 cha hatua ya 6 tatu.

Rangi inakatika kama uzi karibu na shingo. Huo ni ufa. Usiujaze weldi juu kwa juu. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, saga ufa wote hadi uone chuma kizima, chomelea kwa 7018, kisha ongeza kiraka cha almasi. Guta likae chini bila mzigo hadi kazi hiyo iishe.